Kutoka Saidia Fundi Hadi Fundi: Uanagenzi wa Ujenzi kwa Vijana Waliomaliza Shule

Kila mwisho wa mwaka, vijana wa kidato cha nne hukamilisha mtihani wao wa taifa na kurejea nyumbani. Katika Kata ya Kibakwe na kata jirani za Wilaya ya Mpwapwa, kurejea huko hukutana na mwanzo wa msimu wa mvua. Kijana huingia shambani pamoja na wazazi wake huku akisubiri matokeo. Mwaka mpya unapoanza matokeo hutoka; baadhi huendelea na kidato cha tano au vyuo, na wengine hubaki kijijini. Mvua zinapokatika na mazao kuvunwa, ndipo msimu wa ujenzi huanza, na aliyebaki hupata kibarua chake cha kwanza: kuchota maji, kusukuma toroli, kupakua matofali na kuchanganya zege.

Kibarua hicho ni riziki halali, na mafundi wengi wanaoheshimika walianzia hapo. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo kijana huchanganya zege kwa miaka kumi bila kukabidhiwa mwiko, bila kusoma ramani, na bila karatasi yoyote inayoonyesha anachokijua. Siku mradi mkubwa unapofika wilayani na kutafuta waashi, huyo hupangwa tena na wabeba kokoto. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo kati ya kibarua na mwanagenzi, njia zilizo wazi kwa kijana wa Kibakwe anayetaka kuwa fundi, na mambo ambayo mzazi, fundi na serikali ya kijiji wanaweza kuyafanya ili miaka ya kijana huyo isipotee.

Mwanagenzi si kibarua

Watu wawili wanaweza kuonekana wakifanya kazi ileile kwenye eneo moja la ujenzi, mmoja akiwa kibarua na mwingine mwanagenzi. Tofauti yao haionekani kwa macho, bali katika mambo manne.

La kwanza ni makubaliano. Kibarua hukubaliana na fundi juu ya malipo ya siku; mwanagenzi hukubaliana naye juu ya kufundishwa, kwa muda unaojulikana. La pili ni mpango. Kibarua hufanya kazi iliyopo siku hiyo, lakini mwanagenzi hupitishwa hatua kwa hatua: kuchimba na kupima msingi, kujenga ukuta, kusuka nondo, kumwaga zege, kupiga lipu, na mwisho kukadiria vifaa na kusoma ramani. La tatu ni kumbukumbu. Kazi ya kibarua huisha anapolipwa, ilhali kazi ya mwanagenzi huandikwa ili ithibitishwe baadaye. La nne ni upimaji. Mwanagenzi huhitimisha mafunzo yake kwa kupimwa na mtu mwingine asiyekuwa fundi wake, kisha kupewa cheti kinachotambulika nchini kote.

Utaratibu huu haukuanzia Tanzania pekee. Nchini Ujerumani, kijana anayejifunza uashi husaini mkataba na mwajiri, hugawa muda wake kati ya kazini na chuoni kwa miaka 3, kisha hufanya mtihani. Kinachofaa kuigwa humo ni kwamba mwajiri na chuo humfundisha kijana mmoja kwa pamoja, wala hapana anayemwachia mwenzake mzigo wote.

Kwa nini cheti kimekuwa na uzito

Wagogo wa nyanda hizi wamejenga tembe kwa vizazi vingi. Ufundi wa tembe ulifundishwa kwa kutazama na kushiriki: kijana aliwafuata wakubwa wake porini kuchagua miti, akasaidia kusimamisha nguzo, akakandika kuta na kutandaza udongo juu ya paa. Cheti hakikuhitajika, kwa sababu mjenzi alikuwa ndugu au jirani, na kasoro ya nyumba ilionekana kwa kila apitaye. Paa likivuja, udongo uliongezwa. Mti ukioza, ulibadilishwa.

Nyumba ya saruji ina tabia nyingine, nayo ni kuficha kasoro. Zege la kawaida la kipimo cha 1:2:4, yaani sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, likichanganywa kwa maji mengi kupita kiasi hupoteza nguvu, na likishakauka hapana awezaye kulijua kwa kulitazama. Nondo zilizopunguzwa ndani ya lenta hazionekani baada ya lipu kupigwa. Zege lisilomwagiliwa maji kwa angalau siku 7 hukauka juu kabla ya kukomaa ndani, na jua na upepo wa Dodoma huharakisha jambo hilo. Mwenye nyumba huyagundua hayo miaka miwili au mitatu baadaye, nyufa zinapojitokeza, na wakati huo fundi ameshahamia kwingine.

Kwa hiyo anayemwajiri fundi leo hununua kitu asichoweza kukikagua. Cheti ni njia mojawapo ya kumpa mnunuzi huyo uhakika. Hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini kinaonyesha kwamba aliyenacho alipimwa na akaonekana anajua vipimo, sababu zake na madhara ya kuvipuuza.

Mahitaji nayo yameongezeka. Tangu Serikali ilipotekeleza uamuzi wa kuhamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, mkoa huu umekuwa na ujenzi mfululizo wa ofisi, nyumba za makazi, barabara na Mji wa Serikali wa Mtumba. Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepita Gulwe, katika wilaya hii hii ya Mpwapwa, kwenye njia ya kwenda Kibakwe. Miradi ya namna hiyo huja na kuondoka. Kijana aliyeifanyia kazi akabaki na ujira pekee hutumia ujira huo hadi ukaisha. Aliyeondoka na ujuzi uliothibitishwa hubaki na kitu cha kupeleka kwenye mradi unaofuata.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni chuo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, inayojulikana zaidi kama VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina chuo mjini Dodoma. Mafunzo ya fani za ujenzi kama uashi, useremala, ufundi bomba na umeme wa majumbani hutolewa kwa ngazi tatu, kuanzia ngazi ya I hadi ya III. Ndani ya Wilaya ya Mpwapwa kipo pia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Chisalu, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa nchini katika miaka ya 1970 ili kuwapa wananchi wa vijijini stadi za kazi karibu na makazi yao. Vilevile, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, ambamo mwanafunzi husoma masomo ya kawaida pamoja na fani ya ufundi. Wazazi wenye watoto wanaotarajia kuanza kidato cha kwanza wanashauriwa kuulizia shule zenye mkondo huo mapema, badala ya kungoja kidato cha nne kiishe ndipo waanze kufikiria ufundi.

Mlango wa pili ni mafunzo ya uanagenzi yanayofadhiliwa na Serikali kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambayo imekuwa ikiratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Mafunzo haya huwalenga vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 35, hutolewa kwa ushirikiano wa vyuo na waajiri, na ada ya mafunzo hulipwa na Serikali. Nafasi hutangazwa kwa awamu, hivyo tangazo likipita bila kijana kulisikia, hulazimika kusubiri awamu nyingine. Kabla ya kukubali nafasi, familia inapaswa kuuliza mambo mawili: ni nani atakayegharamia chakula, na kijana atalala wapi. Ada ikilipwa lakini malazi yakikosekana, kijana wa Kibakwe aliyepangiwa chuo cha mbali anaweza kurudi nyumbani kabla mafunzo hayajafika katikati.

Mlango wa tatu ndio ulio karibu zaidi na wengi, nao ni fundi wa hapa hapa kijijini. Mafunzo ya kwa fundi yalikuwa yakichukuliwa kuwa nje ya mfumo, kwa kuwa hayakuwa na mwisho unaotambulika. Leo upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaotekelezwa kupitia VETA. Mtu aliyejifunza kazi mtaani hujiandikisha, wapimaji humtathmini kwa maswali na kwa vitendo, huonyeshwa mapungufu yake na kupewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha hupimwa na kutunukiwa cheti. Hadai kukaa chuoni miaka miwili kujifunza yale ambayo mikono yake imeshayazoea.

Mlango huu wa tatu unawahusu makundi mawili. Unamhusu kijana anayeanza leo, ambaye anaweza kujifunza kwa fundi akijua kwamba mwisho wa safari upo mtihani. Unamhusu pia fundi mwenyewe, ambaye pengine amejenga nusu ya nyumba za kijiji bila kuwa na cheti. Fundi akirasimisha ujuzi wake kwanza, huwa mwalimu bora zaidi, kwa kuwa ameupitia mtihani atakaomwandaa mwanafunzi wake kuukabili.

Makubaliano yaandikwe

Sehemu kubwa ya migogoro kati ya mafundi na vijana wanaojifunza hutokana na jambo moja: kila upande ulielewa makubaliano kwa namna yake. Mzazi hudhani mwanawe yuko masomoni. Fundi hudhani amepata msaidizi. Kijana hudhani atalipwa. Ukurasa mmoja wa maandishi huzuia hali hiyo.

Makubaliano mazuri hutaja majina ya fundi na mwanagenzi, fani itakayofundishwa na muda wake. Hutaja kazi ambazo mwanagenzi atakuwa amezimudu kufikia mwisho wa kila kipindi; kwa mfano, katika miezi ya mwanzo awe anaweza kupata kona ya mraba kwa kipimo cha meta 3, 4 na 5, kusimamisha ukuta kwa timazi na pima maji, na kuchanganya saruji na mchanga kwa uwiano sahihi. Hutaja posho, nauli na chakula, na kiwango ambacho posho itapanda kadiri kijana anavyoweza kufanya kazi yenye thamani zaidi. Hutaja nani ananunua vifaa vya kujikinga na nani anagharamia matibabu endapo ataumia. Mwisho hutaja pa kwenda ikiwa pande mbili hazitaelewana.

Kijana aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba peke yake, hivyo mzazi au mlezi husaini kwa niaba yake. Nakala moja hubaki kwa fundi, moja kwa familia, na si vibaya nyingine ikahifadhiwa katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, ambaye pia anaweza kuwa shahidi.

Fundi naye ana haki zinazostahili kulindwa. Yupo fundi aliyefundisha kwa mwaka mzima, kisha mwanafunzi akaondoka siku alipoweza kujenga ukuta ulionyooka. Ndiyo sababu muda wa mafunzo hutajwa: miezi ya mwanzo fundi hupoteza matofali na saruji mikononi mwa anayejifunza, na miezi ya mwisho hurejeshewa hasara hiyo kwa kazi nzuri. Anayeondoka katikati huvunja mizani hiyo, kama anavyoivunja fundi anayemweka kijana kwenye toroli hadi siku ya mwisho.

Daftari la kazi

Pamoja na makubaliano, mwanagenzi anahitaji daftari. Kila siku ya kazi huandika tarehe, mahali, kazi iliyofanyika na vipimo vilivyotumika. Kwa mfano: kuta za madarasa, kozi ya 4 hadi ya 7, au lenta, nondo 4 za milimita 12, zege 1:2:4. Kila mwisho wa wiki fundi huweka sahihi. Picha za simu zinazoonyesha kazi kabla na baada ya kukamilika huongeza ushahidi.

Daftari hilo lina matumizi matatu. Humsaidia kijana kujua ni kazi zipi bado hajazigusa, na hivyo kumkumbusha fundi kwa heshima. Humsaidia mpimaji wakati wa kurasimisha ujuzi, kwa kuwa huonyesha uzoefu kwa ushahidi. Tena humpa kijana mazoea ya kuandika na kukokotoa, ambayo ndiyo humtenganisha fundi anayeweza kumpa mteja makadirio ya mifuko ya saruji na yule anayesema “tuanze kwanza, tutaona.” Hapa elimu ya sekondari huonyesha faida yake. Kijana aliyesoma hisabati hadi kidato cha nne, hata kama hakupata alama za kumpeleka mbele, anazo hesabu za kutosha kukadiria eneo la ukuta na ujazo wa zege.

Umri na usalama

Ujenzi ni miongoni mwa kazi zenye hatari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inaweka ulinzi wa ziada kwa walio chini ya miaka 18 dhidi ya kazi katika mazingira hatarishi. Kwa hiyo, mhitimu wa kidato cha nne mwenye miaka 16 au 17 anafaa kuanzia chuoni au chini ya mafunzo yenye usimamizi, na asipandishwe kwenye jukwaa la juu au kuingizwa katika shimo refu lisilozuiwa kuta zake.

Kwa kila umri, mambo ya msingi ni yaleyale: kofia ngumu, viatu vigumu na glovu. Saruji mbichi huunguza ngozi, na vumbi lake huumiza mapafu. Jukwaa la miti lililofungwa kwa haraka limeshawaangusha wengi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Mzazi anayempeleka mwanawe kwa fundi anayo haki ya kutembelea eneo la kazi na kujionea.

Wasichana wasiachwe nyuma

Katika vijiji vingi msichana aliyemaliza shule hutajiwa ushonaji au mapishi, na fani za ujenzi hazitajwi kabisa. Hata hivyo, kuweka marumaru, kupaka rangi, kupiga lipu, kufunga mabomba na kutandaza nyaya za umeme ni kazi zinazohitaji uangalifu na usahihi kuliko misuli, na vyuo vya ufundi hupokea wasichana katika fani hizo zote. Familia inayohofia usalama wa binti yake inaweza kudai katika makubaliano kwamba awe na mwenzake wa kike, au kwamba afanye kazi kwa saa zinazomwezesha kurejea nyumbani kabla ya giza.

Kazi za umma ndani ya kata

Madarasa, zahanati, vyoo vya shule na nyumba za walimu vijijini vimekuwa vikijengwa mara nyingi kwa utaratibu unaotumia mafundi wa jamii, chini ya usimamizi wa kamati na ushauri wa mhandisi wa halmashauri. Mwaka 2021 pekee Serikali ilijenga nchini kote madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na kazi nyingi zilifanywa na mafundi wa kawaida. Kamati inapochagua fundi wa kazi ya namna hiyo, inaweza kuuliza maswali mawili ya ziada: je, ana cheti au uthibitisho wa ujuzi, na je, yuko tayari kuchukua vijana wawili wa kijiji kama wanagenzi katika kipindi cha ujenzi? Darasa moja linaanzia msingi na kuishia bati. Kijana atakayelifuata tangu mwanzo hadi mwisho atakuwa ameona karibu kila hatua ya fani.

Wanagenzi wanapohitimu, hawalazimiki kusubiri kuajiriwa. Halmashauri zote hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni kwa vijana. Kikundi cha waashi, seremala na fundi bomba wenye vyeti kinaweza kuomba mkopo wa mashine ya kufyatulia matofali au vifaa vya kazi, na kikiwa kimesajiliwa kinaweza pia kunufaika na sehemu ya ununuzi wa umma inayotengwa kwa makundi maalumu.

Pa kuanzia

Mhitimu anayetaka kuingia katika fani ya ujenzi anashauriwa kuandaa mapema cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza shule, picha ndogo na, kwa aliyefikia miaka 18, namba ya kitambulisho cha taifa. Upungufu wa karatasi hizi huwakosesha nafasi vijana waliokuwa na sifa zote. Hatua inayofuata ni kufika katika ofisi ya Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, kuulizia matangazo ya uanagenzi, nafasi za vyuo, utaratibu wa kurasimisha ujuzi na masharti ya mikopo ya vikundi. Huduma hiyo ya ushauri hailipiwi.

Mafundi wanaokubali kufundisha nao wanaombwa kujitambulisha katika ofisi hizo, ili mzazi anayetafuta mwalimu wa mwanawe ajue kwa nani aende. Msimu wa mvua, wakati miiko mingi imepumzika, ndio wakati mwafaka wa kuandika makubaliano na kununua daftari, ili kiangazi kikifika kila mmoja aanze kazi akijua atafundisha nini, atajifunza nini na atapimwa lini.